Kamba au Chuma: Vibanda vya Wavuvi Juu ya Barafu

Katikati ya Januari, Ziwa Mille Lacs la jimbo la Minnesota, Marekani, huwa uwanja mweupe wa zaidi ya kilomita za mraba 500 usio na hata wimbi moja. Mvuvi anayeingia humo alfajiri huendesha pikipiki ya theluji, mashine yenye skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira chini ya kiti. Nyuma anakokota sleji ya plastiki iliyoinuka kingo. Ndani yake mna viti viwili, keekee ya kutobolea barafu, jiko dogo la gesi, ndoo ya samaki na fimbo fupi za kuvulia. Juu yake limekunjwa turubai lililoshonewa kwenye fito za alumini. Akifika anapopataka, anatoboa tundu, anaketi kwenye kiti chake humo humo ndani ya sleji, anazishika fito na kuzipindua juu ya kichwa. Turubai linashuka mpaka barafuni na kibanda kimesimama. Samaki wasipogusa chambo, anazipindua fito nyuma, anawasha mashine na kuhama.

Jamii za kaskazini ya dunia zina njia nyingi za kukokota kibanda namna hiyo. Hoja yangu ni kwamba tofauti kubwa kati ya jamii hizo haimo katika mashine wala katika kibanda. Imo katika ule urefu mfupi unaoviunganisha: je, ni kamba au ni chuma? Kila jamii imejibu swali hilo kwa kuitazama barafu yake yenyewe, na jibu lake limebeba elimu ambayo haimo kiwandani.

Tuanze na kibanda, maana kina umri mkubwa kuliko mashine. Waojibwe, wenyeji wa nchi ya maziwa ya Minnesota, walivua majira ya baridi kwa mkuki. Mvuvi alilala kifudifudi juu ya barafu, akajifunika kichwa na mabega kwa ngozi au blanketi lililotandazwa juu ya vijiti, akachungulia tunduni. Mkono mmoja ulichezesha samaki bandia wa mti, mwingine ulishika mkuki. Alichokitafuta chini ya blanketi kilikuwa giza kabla ya joto. Mwanga wa nje ukizuiwa, maji yaliyo chini ya barafu hung'aa kwa mwanga unaopenya kutoka pembeni, na samaki anayekuja kuchunguza chambo huonekana waziwazi. Kibanda cha kwanza, basi, kilikuwa jicho. Kilibebwa kwa mkono na kilihama pamoja na mwenyewe. Haki ya Waojibwe wa Mille Lacs ya kuwinda na kuvua, iliyoandikwa katika mkataba wa mwaka 1837, ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999. Nimewatanguliza wao kwa sababu ni haki yao, na pia kwa sababu wazo la kibanda kinachomfuata mvuvi, badala ya mvuvi kukifuata kibanda, lilikuwa mikononi mwao karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuliuza dukani.

Mashine ilizaliwa na msiba. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec, alifiwa na mwanawe wa miaka miwili Januari 1934. Theluji ilikuwa imeziba njia na mtoto hakuweza kufikishwa hospitali. Miaka mitatu baadaye Bombardier alikuwa anauza gari la mikanda la abiria saba, kisha likafuata la abiria 12, na magari ya aina hiyo bado yanabeba wavuvi na samaki kwenye Ziwa Winnipeg. Ile mashine ndogo ya kupanda kama pikipiki, Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959. Mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ilipelekwa kwa mmisionari Maurice Ouimet katika kijiji cha Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario, ambako wenyeji walisafiri kwa sleji za mbwa. Huko Roseau, Minnesota, waasisi wa kampuni ya Polaris walikuwa wameshaunda yao mwaka 1956.

Hata hivyo mashine na kibanda havikukutana mara moja. Kwa miaka mingi wavuvi wa Minnesota walijenga nyumba za mbao, wakazikokota kwa malori mara barafu ilipokaza, wakaziacha ziwani msimu mzima. Mtu alitoboa tundu, akakaa, akawasubiri samaki waje. Dave Genz, mvuvi wa jimbo hilo, hakuridhika na kusubiri. Kuanzia miaka ya 1980 alikieneza kile kibanda cha kupindua nilichokieleza mwanzoni, akakioanisha na kifaa cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha samaki chini ya barafu, akafundisha kwamba mvuvi wa majira ya baridi anapaswa kutembea. Ukinionyesha mtu mmoja aliyebadili uvuvi wa barafu katika Marekani ya zama zetu, nitakubali kuwa ni huyo. Bila kutangaza hivyo, aliirudisha ile tabia ya kale ya Waojibwe ya kuwafuata samaki walipo.

Kuhama mara kwa mara ndiko kulikoleta chuma. Sleji iliyojaa vitu huweza kuzidi kilo 100, na juu ya barafu tupu haina breki. Ukiivuta kwa kamba kisha ukapunguza mwendo, inakuja na kasi ile ile na kuigonga mashine kwa nyuma, au inakupita ubavuni na kuizungusha mashine nzima. Kamba ikilegea huweza pia kuingia kwenye mkanda na kuukwamisha. Kwa hiyo wavuvi wa maziwa hufunga chuma kigumu chenye umbo la pembetatu: ncha moja inashikwa kwa pini nyuma ya mashine, ncha mbili zinashika pembe za sleji. Mashine ikisimama, sleji inasimama. Mashine ikirudi nyuma, sleji inarudi. Mtu anaweza kukiegesha kibanda chake juu ya tundu kwa usahihi mkubwa.

Kuna na mambo madogo ambayo mgeni hayafikirii. Mkanda wa mashine hurusha theluji nyuma, na theluji hiyo ikiingia ndani ya kibanda kilichokunjwa huyeyuka jiko likiwashwa, kisha huganda tena usiku, na kesho yake turubai halikunjuki. Ndiyo maana sleji hufunikwa gubigubi safarini. Plastiki ya chini hulika kwa kuburuzwa, hivyo hupigiliwa vipande vya plastiki ngumu vya kutelezea. Mashine zinazopozwa kwa maji zinahitaji theluji iruke na kugusa mabomba yake, la sivyo huchemka kwenye barafu tupu. Wenyewe hufunga vijiti vya chuma vya kuparuza barafu ili ungaunga wake urukie mabomba. Haya yote yametatuliwa na wavuvi wenyewe, wengi wao bila jina, kwa nyundo na bisibisi katika mabanda ya nyumbani, na kazi yao inastahili heshima sawa na ya wavumbuzi mashuhuri.

Chuma kinahitaji sharti moja: barafu iwe sakafu. Idara ya maliasili ya Minnesota hutoa vipimo vya barafu mpya na safi: sentimita 10 kwa mtu wa miguu, sentimita 13 hadi 18 kwa pikipiki ya theluji. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu nusu tu, hivyo unene unapaswa kuwa maradufu. Idara hiyo hiyo husema wazi kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Kinachoachwa ziwani bila mtu lazima kionyeshe ni cha nani, kiwe na kioo cha kuakisi mwanga usiku, na mwezi Machi kila kibanda lazima kiwe kimeondolewa kwa tarehe iliyowekwa. Baada ya hapo kibanda cha kukunjwa bado kinaruhusiwa, mradi kisiachwe peke yake usiku kucha. Sheria inamtambua mvuvi anayehama. Mfumo mzima, chuma, vipimo na kanuni, umejengwa juu ya imani kwamba barafu ya leo inafanana vya kutosha na ya jana.

Sasa twende Nunavut na pwani nyingine za Wainuit wa Kanada, ambako barafu ni bahari. Huko husukumwa na upepo na mkondo, hupanda na kushuka na maji, na hufunguka nyufa ambazo jana hazikuwapo. Kwa sababu ya chumvi iliyomo, ni dhaifu kuliko barafu ya ziwa yenye unene ule ule, lakini hupinda kabla ya kuvunjika. Sleji ya huko, qamutiik, imeumbwa kwa ajili ya sakafu ya namna hiyo. Mbao mbili ndefu za kutelezea zinaunganishwa kwa vipande vingi vya mbao vilivyolazwa kukingama, na kila kipande kinafungwa kwa kamba, zamani ya ngozi ya sili, siku hizi ya nailoni. Msumari ungeng'oka au kupasua mbao mara sleji inapopita juu ya matuta ya barafu yaliyosukumwa na bahari. Kamba inakubali. Sleji nzima inajinyonga, upande mmoja unapanda, mwingine unashuka, na hakuna kinachovunjika. Msomaji wa pwani yetu anaifahamu akili hii: mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulishonwa kwa kamba za makumbi, kwa sababu chombo kinachokutana na mwamba na wimbi kila siku huishi zaidi kikinyumbuka.

Juu ya qamutiik familia huweka hema, magodoro, mafuta, na mara nyingi kijumba cha plaiwudi ambamo watoto na wazee husafiri wakikingwa na upepo. Huko Pangnirtung, katika Kisiwa cha Baffin, wavuvi wa halibati hukokota vifaa vyao hadi mbali juu ya bahari iliyoganda, wakashusha mishipi mirefu ya ndoano nyingi kupitia tundu, na samaki hurudi mjini juu ya sleji hizo hizo. Na kinachounganisha yote haya na mashine ni kamba ndefu.

Kwa nini kamba, ikiwa hatari zake tumeziona? Kwa sababu juu ya bahari hatari kubwa zaidi ni nyingine. Kamba ya mita kadhaa huutenganisha uzito wa mashine na uzito wa mzigo, usikae mahali pamoja. Mbele ya ufa, dereva huruka na mashine kwanza. Sleji ndefu hufuata na kulala juu ya ufa kama daraja kabla mkia haujaondoka upande wa pili. Mashine ikizama, kilichobeba watoto hakijafungwa nayo kwa chuma. Kwenye mteremko, mnyororo hutupwa mbele ya mbao za kutelezea na kugeuka breki. Tatizo la sleji kuigonga mashine hutatuliwa na mkono wa dereva, anayejifunza kupunguza mwendo pole pole na kugeuka kidogo pembeni. Minnesota imeliweka jibu ndani ya kifaa. Wainuit wameliweka ndani ya mtu.

Kamba hiyo ilikuwapo kabla ya mashine. Mbwa wa Wainuit wa Kanada ya mashariki hawakufungwa wawili wawili katika mstari, bali kila mbwa alikuwa na kamba yake, wakatawanyika kama upepeo uliofunguliwa. Uzito ulienea, na mmoja akitumbukia wengine walibaki juu. Kisha kati ya miaka ya 1950 na 1970 mbwa wengi waliuawa, wengi wao na polisi na maofisa wa serikali, wakati familia zikihamishiwa vijijini. Tume ya ukweli ya Wainuit wa Qikiqtani iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2010, na Agosti 2019 serikali ya Kanada iliomba radhi. Hili si jambo la pembeni. Tunaposema Wainuit waliipokea pikipiki ya theluji, tukumbuke wengine waliipokea wakiwa wameporwa mbwa wao. Na kilichopotea hakikuwa usafiri peke yake. Mbwa kiongozi mzuri aliihisi barafu nyembamba na kukataa kwenda. Mashine huenda popote inapoelekezwa. Kilichosalia ni kamba, na macho ya wazee, na fimbo ndefu ya chuma ya kugongea barafu mbele ya miguu.

Msimu wa baridi wa 2009–2010 ulikuwa na joto lisilo la kawaida huko Nain, Labrador, mashariki mwa Kanada. Barafu ilichelewa kukaza na njia zilizozoeleka hazikuaminika tena. Kutokana na hali hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Memorial na Wainuit wa Nunatsiavut, eneo lao huko Labrador, walianzisha mradi wa SmartICE. Kati ya vifaa vyake kuna kipimo kinachowekwa juu ya qamutiik na kukokotwa na pikipiki ya theluji. Kinapita na kupima unene wa barafu njia nzima, na wenyeji hulinganisha takwimu hizo na wanayoyajua, wakatoa ramani kwa wasafiri. Katika yote niliyoyasoma kuhusu teknolojia na jamii za wenyeji, sijaona mfano unaonifurahisha kuliko huu: sleji ya kale imerudishiwa kazi ya mbwa kiongozi.

Ulaya ya kaskazini ina majibu ya katikati. Wasami, wenyeji wa huko, walikuwa na sleji yenye umbo la mtumbwi, iliyovutwa na paa wa kaskazini, ile ambayo Wafini huiita ahkio na ambayo jeshi la Ufini liliitumia kubeba majeruhi katika vita vya 1939–1940. Umbo hilo limerithiwa na sleji nyingi za plastiki za leo. Pikipiki za theluji zilifika kwa Wasami wa Sevettijärvi, Ufini, mapema miaka ya 1960, na mwanaanthropolojia Pertti Pelto, katika kitabu chake cha 1973, alionyesha kwamba katika muda mfupi mno mnyama wa kuvuta alitoweka, gharama za mafuta na mashine zikapanda, na waliokuwa na mali kidogo wakaanguka nje ya ufugaji wa paa hao. Lakini mvuvi wa kawaida wa Ufini bado huhitaji vitu vichache sana. Sheria humruhusu mtu yeyote kuvua kwa ndoano kupitia barafu bila kulipa, na wengi huketi nje kabisa juu ya kigoda, mgongo ukiwa umeupa upepo. Waswidi wa milimani wameelekea upande mwingine: wanakokota kijumba kamili chenye skii chini, dirisha, kitanda na tundu la sakafuni, na ifikapo Machi na Aprili vijumba hivyo hukusanyika kwenye maziwa ya juu kama kitongoji. Hivyo hukokotwa kwa chuma, na ni sawa, kwani havihami mara nyingi.

Kwenye Ziwa Baikal, Urusi, nako kuna Buran, mashine ya mikanda miwili na skii moja iliyotengenezwa Rybinsk tangu 1971, na nyuma yake bamba la plastiki lililokunjwa kingo, likibeba hema na wavuvi. Baikal ni ziwa kwa jina, lakini barafu yake, ingawa hufikia unene wa mita moja, hupasuka nyufa za kilomita nyingi. Huko unene hautoshi kukuambia habari.

Na hapo ndipo chuma cha Minnesota kinapaswa kuulizwa upya. Tarehe 29 Desemba 2023, kipande cha barafu kilimeguka kwenye ziwa Upper Red Lake na kuelea na wavuvi zaidi ya 100, waliookolewa wote. Msimu huo wa baridi uliishia kuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa katika jimbo hilo. Ziwa lilikuwa limetenda kama bahari. Kwa maoni yangu, mvuvi wa maziwa anayeendelea kuiamini barafu ya Desemba kwa sababu baba yake aliiamini tarehe hiyo hiyo anatumia elimu ya ziwa lililokwisha badilika. Chuma ni chombo bora kabisa kwenye barafu iliyopimwa, na sioni sababu ya kukiacha. Lakini mwanzoni na mwishoni mwa msimu, wakati mashaka ni makubwa, kamba ndefu ya Wainuit ndiyo yenye busara zaidi, pamoja na mwendo wa pole pole ambao kamba hiyo inaudai.

Nawaandikia hasa ndugu zetu Wakenya, Watanzania na Wakongomani walioko Minnesota, ambao watoto wao wanaalikwa ziwani na wanafunzi wenzao. Nendeni, ni uvuvi wa heshima. Tangulieni kwa miguu na keekee, mtoboe na kupima kila baada ya mita 45 hivi kama idara ya maliasili inavyoshauri, mvae jaketi la kuelea, mning'inize shingoni vile vijiti viwili vyenye ncha za chuma vya kujivutia juu mtu anapotumbukia. Msimpakie mtoto ndani ya kibanda kilichofungwa kwa chuma nyuma ya mashine. Jiko likiwaka, tundu la hewa la turubai libaki wazi, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Na mashine ibaki ufukweni mpaka keekee iwaonyeshe angalau sentimita 13 za barafu safi.